Nimeipima kamusi ya OED kwa kitenzi kimoja: give up

Kamusi kubwa haipimwi kwa maneno magumu. Neno gumu hutokea mara moja katika kitabu kizima, lina maana moja, na karibu kamusi yoyote italieleza vizuri. Kamusi ya Kiingereza hupimwa kwa vitenzi vyake vidogo, give, put, set, take, run, hasa pale vinapofuatwa na kineno kama up, off au out na kugeuka kitu kingine kabisa. Mimi ni mfasiri. Kutwa natoa maandishi kwenye Kiingereza nikiyaleta kwenye Kiswahili, na vitenzi hivyo vya maneno mawili ndivyo vinavyonikesha. Nilipopata njia ya kuingia katika Oxford English Dictionary ya mtandaoni, ile ambayo wengi huiita OED tu, niliamua kuipima kwa kimoja, give up, na kukifuata mpaka mzizini.

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asipate tabu: kwa anayetaka kujua kitenzi kimetoka wapi na kimepitia wapi, sijatumia huduma nyingine inayoifikia. Kwa anayetaka kujua tu akitumie vipi kesho kwenye barua, kamusi hii itamchosha bure.

Kwanza, mpangilio. Give up inakaa ndani ya kidahizo cha give, yaani sehemu inayolieleza neno hilo, karibu na mkia wake, pamoja na jamaa zake: give away, give in, give out, give over. Kila maana ina nukuu zake, na nukuu zimepangwa kwa tarehe, ya kale kabisa ikiwa juu. Huelezwi kwa ufupi kwamba neno lina maana hii. Unaonyeshwa nani aliliandika, katika kitabu gani, mwaka gani. Nukuu hizi hazikuokotwa na mtu mmoja. James Murray alipokabidhiwa uhariri mwaka 1879 alitoa mwito kwa wasomaji wa kujitolea, wakawa wanasoma vitabu, wananakili sentensi kwenye vikaratasi na kumpelekea. Toleo la kwanza lilianza kutoka kwa vijitabu mwaka 1884, likakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Kila ninaposogeza ukurasa chini huwa nawafikiria wasomaji wale, kwa sababu jibu la swali langu lilikuwa mikononi mwao.

Swali lenyewe ni hili: katika give up, ni nini kinachopewa, na kinapandaje juu? Programu moja ya simu ya kujifunzia Kiingereza, ambayo sitaitaja jina, ilinipa jibu lenye uhakika mwingi kwamba asili yake ni askari kuinua mikono juu anaposhindwa. Maelezo yanavutia na yanakaa kichwani haraka. Lakini hayakuwa na ushahidi hata mmoja, wala tarehe, wala sentensi. Hapo ndipo utakapoiona thamani ya kamusi yenye nukuu, maana inakurudisha hadi karne ya 12, na huko hakuna mikono iliyoinuliwa. Kuna abasia moja na ngome kadhaa.

Andiko linalohusika ni Tarihi ya Peterborough. Watawa wa abasia ya mji huo wa Uingereza waliendelea kuandika habari za nchi yao kwa Kiingereza muda mrefu baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, wakati ambapo wenzao kwingineko walikuwa wamekwisha kuacha. Habari zao zinakoma mwaka 1154, na hati yenyewe leo iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Chini ya mwaka 1132 wanamsimulia abate wao Henry, jamaa ya mfalme Henry I, aliyejipatia uongozi wa Peterborough huku bado akishikilia abasia nyingine, Saint-Jean-d'Angély, huko Ufaransa. Mwandishi hakumpenda na hakuficha: chini ya mwaka 1127 alisema Henry aliishi pale kama nyuki dume mzingani, akila kila kilicholetwa na wengine. Basi mwaka 1132 mfalme alimwita, akamlazimisha gyuen up abasia ya Peterborough na faren ut of lande. Yaani aiachie abasia, kisha atoke nchini.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mfalme Stephen aliitisha mkutano Oxford, akamkamata Roger askofu wa Salisbury, Alexander askofu wa Lincoln, na kansela Roger, akawatia ndani wote til hi iafen up here castles, mpaka walipokabidhi ngome zao. Mtawa ameyalundika mambo ya miaka kadhaa chini ya mwaka 1137. Kukamatwa kwenyewe kulikuwa mwaka 1139. Maaskofu hawa walikuwa na ngome za kweli, za mawe, na si za mafumbo: Sherborne na Devizes kwa Roger, Newark na Sleaford kwa Alexander. Devizes haikufunguliwa mpaka mfalme alipotishia kumnyonga kansela mbele ya kuta zake.

Soma mifano hiyo miwili pamoja uone inachofanana. Kuna kitu, nacho ni kikubwa. Kuna anayekishika na kuna mwenye nguvu anayekitaka. Mshikaji anakitoa mkononi mwake kwa kubanwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekata tamaa. Askofu Roger huenda moyoni alikuwa bado anapigana. Alichotoa ni funguo. Hii ndiyo give up ya kwanza, nayo kwa Kiswahili ni kusalimisha, kukabidhi, kuachia. Maana ya leo ya moyo kulegea ilikuja baadaye sana, na ilizaliwa humu.

Na ile up? Ukikaa kwenye OED kwa muda utaikuta kwenye vitenzi vingine vya tabia hiyohiyo: deliver up, yield up, render up. Vyote vinamtoa mtu kitu kilichokuwa chake au kilichokuwa chini ya ulinzi wake, kikaenda kwa anayekidai. Kuna pia up ya kumaliza kabisa, ya eat up na drink up, ambapo chakula na kinywaji havipandi popote bali vinakwisha. Katika give up naziona zote mbili zikishikana: unatoa, na unatoa chote, husazi. Anayemweleza mwanafunzi kwamba up maana yake ni juu, basi akariri tu, anamnyima kitu ambacho angeweza kukielewa kwa dakika chache.

Jambo jingine limo ndani ya tahajia yenyewe. Tazama tena iafen. Inaanza na i, na i hiyo inasomwa kama y. Kiingereza cha Kale kiliandika giefan, lakini g yake hapo ilitamkwa y, na mshairi Chaucer, karne mbili baada ya tarihi ile, bado aliandika yeve. G ngumu tunayoitamka leo katika give inatokana na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza, ambao walisema gefa. Kama wageni hao wasingefika, huenda leo tungesema yive up. Nimefurahishwa na hili kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kitenzi tunachokihesabu kuwa Kiingereza halisi kimevaa sauti ya kuazima, na hakuna anayeona.

Sasa kutoka ngome hadi moyo. Hapa kamusi inakuachia kazi ya kuunganisha, na ndiyo kazi niliyoipenda zaidi. Kinachosalimishwa kwanza ni mali na cheo. Halafu ni roho: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Abrahamu gave up the ghost, na katika Marko 15:37 inasema hivyohivyo juu ya Yesu msalabani. Ghost hapo si mzuka. Ni gast ya Kiingereza cha Kale, yaani roho, ndugu wa Geist ya Kijerumani. Aliyekufa ameikabidhi roho kama askofu alivyokabidhi ngome. Watafsiri wa Biblia yetu waliandika akakata roho, wakafanya vyema, kwa sababu Kiswahili kina njia yake: pale Mwingereza anapotoa, sisi tunakata. Tunakata roho na tunakata tamaa. Lugha mbili zimefika nyumba moja kwa milango tofauti.

Baada ya roho, mtu anajitoa mwenyewe. He gave himself up, akajisalimisha kwa askari. She gave herself up to grief, huzuni ikamchukua mzimamzima. Madaktari nao wana give up yao: the doctors gave him up, walimkatia tamaa mgonjwa, ingawa mgonjwa mwenyewe huenda hajakubali. Halafu tabia, give up smoking, ambapo hakuna tena anayepokea. Moshi huukabidhi kwa nani? Hapo ndipo neno linapoanza kulegea kutoka kwenye asili yake. Mwisho kitendwa chenyewe kinadondoka. I give up. Nini? Hakitajwi. Ngome imetoweka, abasia imetoweka, roho imetoweka, kimebaki kitendo cha kuachia peke yake. Ndiyo maana tafsiri ya kata tamaa inafaa hapo tu, na kuipachika kila mahali ni kuharibu kazi.

Nitatoa sentensi niliyoitunga kuijaribu kamusi: He gave up the keys, then he gave up the post, and in the end he simply gave up. Mwenye kamusi ndogo atapata kukata tamaa mara tatu, au kuacha mara tatu. Mimi baada ya kusoma safu zile niliandika: Alikabidhi funguo, kisha akaachia ngazi, na mwishowe akabwaga manyanga. Kila kitenzi kimesimama mahali pake kwa sababu nilijua kwanza kinachotolewa ni nini. Ningeweza kuandika akasalimu amri pale mwisho, lakini hilo linamtaka adui aliye mbele yake, na sentensi haina adui.

Kiingereza pia husema I give up mtu anaposhindwa kutegua kitendawili, na hapa Kiswahili kinasogea karibu na tarihi ile kuliko Kiingereza chenyewe cha leo. Aliyeshindwa huambiwa, nipe mji. Naye anautoa mji, ndipo anapewa jibu. Tumehifadhi katika mchezo wa maneno kile ambacho Stephen alikifanya kwa jela na kitanzi: aliyeshindwa anakabidhi mahali. Sidai kwamba lugha hizi zimeambukizana hapo. Nasema tu kwamba mfasiri anayeijua nipe mji yake ataielewa give up ya mwaka 1137 upesi kuliko Mwingereza wa leo.

Niseme kidogo juu ya mtu aliyenifanya niiheshimu kamusi hii zaidi. Kitabu cha herufi F na G, ambamo give inakaa, kilihaririwa na Henry Bradley na kikakamilika mwaka 1901. Bradley hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani wa kampuni ya visu huko Sheffield kwa miaka 20 hivi, akijifunza lugha mwenyewe usiku. Kijitabu cha kwanza cha kamusi kilipotoka mwaka 1884 aliandika tathmini yake katika gazeti la The Academy, tathmini yenye masahihisho ya kina kiasi kwamba Murray alimtafuta, na baadaye akawa mhariri mwenzake. Na mwaka 1925 Logan Pearsall Smith alipochapisha kitabu chake juu ya nahau na kuviita vitenzi hivi phrasal verbs, alieleza kwamba jina hilo alipendekezewa na Bradley. Mtu aliyekesha na give na mikia yake yote ndiye aliyelipa kundi zima jina. Inaingia akilini. Aliyevipanga vitenzi hivyo kimoja kimoja ndiye aliyeona kwamba ni ukoo mmoja.

Kabla yake Samuel Johnson alikwisha kulalamika. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alisema kwamba namna hii ya kubadili kitenzi kwa kukiongezea kineno ndiyo inayowatesa wageni kupita yote, akaorodhesha come off, fall in, set out na wengine. Akataja pia give over kwa maana ya kukoma. Hilo ni la kuangaliwa: give over ilikuwa ikifanya kazi nyingi ambazo leo zinafanywa na give up, na sasa haisikiki sana. Ni OED iliyonionyesha ndugu hao wawili wakigombea shamba moja, mmoja akipanuka na mwingine akipungua, kwa kuweka tarehe zao karibu.

Sasa upungufu. Wa kwanza ni ule niliokwisha kuudokeza: maana ya kale inatangulia. Mwanafunzi anayefungua kutafuta maana ya leo atakutana na maaskofu kwanza, na atatoka akidhani give up maana yake kuu ni kukabidhi ngome. Si kosa la kamusi, ndivyo ilivyokusudiwa, lakini ni lazima ujue kabla hujaingia. Wa pili ni sarufi. Unasema give it up, husemi give up it. Nomino inaweza kukaa pande zote mbili, kiwakilishi hukaa katikati tu. Nukuu zitakuonyesha ukiwa na jicho kali, ila kwa anayejifunza, kamusi za wanafunzi hulisema wazi mara moja. Kwa kazi hiyo chukua kamusi ya vitenzi hivi ya Collins Cobuild, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989. Ina faharasa ya vineno vyenyewe, up peke yake, off peke yake, na maana zake zimepangwa kwa makundi. Huko up ya kumaliza utaikuta na wenzake wote.

Wa tatu ni kwamba kamusi hii ni jengo linalokarabatiwa huku watu wanaishi ndani. Masahihisho makubwa ya toleo la tatu yalianza kuwekwa mtandaoni mwaka 2000, kwa herufi M, na bado yanaendelea. Kwa hiyo kidahizo kimoja kinaweza kuwa kimeandikwa upya kabisa huku jirani yake bado akiwa na maneno ya enzi za Bradley. Ukurasa hueleza hali ya kila kidahizo; uangalie kabla hujanukuu.

Na wa nne ni mlango. Kuisoma yote kunahitaji usajili wa kulipia, na mtu wa kawaida mwenye shauku ya neno moja hataona sababu. Njia ninayoishauri ni maktaba: maktaba nyingi za vyuo na za umma zimekwisha kulipia, na mwanachama anaingia bila kutoa chochote cha ziada. Uliza mkutubi wako kwanza.

Usipopata, usirudi mikono mitupu. Kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2001, iko wazi mtandaoni bure, na kwa maneno ya karne ya 12 hadi ya 15 ina nukuu nyingi mno. Angalizo moja, na hapa ile habari ya g na y inakulipa: ukitafuta kidahizo cha give kwenye G utapoteza muda. Kiko kwenye Y, chini ya yeven. Fungua hapo, shuka mpaka mahali yeven inaposhikana na up, na usome nukuu kwa mpangilio wa tarehe. Kwa asili fupi ya neno, bila nukuu, kuna Etymonline ya Douglas Harper, nayo ni bure na nyepesi. Kwangu ni ya kuangalia haraka katikati ya kazi, si ya kukaa nayo.

Nimeshaihamishia OED kwenye vitenzi vingine tangu hapo. Set up na put up with vimenipa faida kubwa. Take off ilinichosha, ina matawi mengi mno. Mfasiri, mwalimu wa Kiingereza wa ngazi za juu na mwandishi wa kamusi wanapaswa kuwa nayo. Anayejiandaa kwa mtihani wa lugha wiki ijayo aifunge, afungue Cobuild.